Ngalawa Yako Usiifikishe Kilwa

Barabara ya 14, Ngamiani,
Tanga.
Jumapili, baada ya Isha

Shoga yangu Zuhura,

Wambaje? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mama anakusalimu, miguu yake nafuu kidogo. Bi Tatu anakusalimu na anasema mkeka wako umekwisha, uje uuchukue kabla hajapata mnunuzi mwingine. Shekue keshaoa, na weye hukuja. Hilo tutalizungumza ana kwa ana, maana nina mengi moyoni.

Barua yako niliipata Jumanne kwa mkono wa yule kondakta, mtoto wa Mzee Kombo. Ungeweza kunitumia ujumbe kwenye simu, lakini nilipoona kurasa nne za kalamu nikajua jambo limekukaa kooni. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilifurahi, ya pili nikanyamaza, ya tatu nikamsomea Mjomba Shaibu barazani. Akaweka kikombe cha kahawa chini, akasema, "Mwambie asikubali." Kisha akanikataza nisikwambie kuwa kasema yeye. Nimekwambia, kwa sababu nataka ujue si mie peke yangu.

Unasema wale waliokuita huko Dar wameipenda gemu yako ya ngalawa, ila wanaiona ndogo. Wanataka ramani ianzie Lamu iishie Kilwa, miji yote ya pwani iwemo, mtu ashuke chomboni, atembee sokoni, apande pikipiki, apigane. Ati bila hivyo haitashindana. Na umeniuliza mie kwa kuwa ndiye ninayeshinda na wachezaji kutwa. Haya, jibu langu ni hili: usiikuze. Ningeishia hapo, lakini najua hutaniachia mpaka nikupe sababu, na kwa kweli sababu ninazo nyingi mpaka sijui nianze na ipi.

Nianze na Iddi. Iddi Mosi, saa nne asubuhi, kibanda changu cha gemu kimejaa. Watoto wamevaa kanzu mpya, wana pesa za sikukuu mkononi, na wote wanataka gemu moja ya vita ambayo nilikuwa nimewaahidi tangu Mfungo Mosi haujaandama. Nawasha mashine, ikaniandikia inataka kuapdeti kwanza. GB 47. Nikaunga bando kubwa kuliko yote niliyowahi kuunga, nikasema potelea mbali, leo sikukuu. Wakakaa kwenye benchi, kumi na mmoja, mabega yamegusana, wanatazama ule mstari wa bluu ukisogea. Hakuna aliyesema neno. Baada ya muda Jumaa, yule mdogo wa Makorora mwenye pengo, akaniuliza taratibu, "Da Mwana, huu mstari ndio gemu yenyewe?" Zuhura, nilitamani ardhi inimeze. Ilipofika asilimia 31 bando likakata. Kufika adhuhuri wote walikuwa wamekwenda Tangamano kwenye pembea, na pesa zao zimekwenda nao, na nilistahili.

Huo mstari mpaka leo nauona nikifumba macho.

Halafu kuna suala la nafasi. Mashine yangu ni PS4, yaani PlayStation ya nne, ya diski ya GB 500, na gemu tatu tu zimeijaza pomoni. Nikitaka ya nne lazima nifute moja, na ukishafuta, kuirudisha ni bando jingine. Ukutani nimebandika mabango kumi na mawili, mteja anaingia anaonyesha kidole, namwambia hiyo haipo, na hiyo haipo. Kaka Athumani alipokuwa anaendesha kibanda hiki kwa PS2, gemu zote zilikaa kwenye lile pochi la CD, zaidi ya thelathini, unachomoa unaweka, dakika moja mtu anacheza.

Sasa usidhani mie nachukia gemu kubwa. Unakumbuka gemu ya GTA San Andreas ilipoingia? Ilitoka 2004, ikafika kwetu baadaye kidogo, DVD moja tu. Weye na mie tulikuwa hatufanyi hata kazi walizotutuma. Tulichukua baiskeli kwenye mji wa mle ndani, Los Santos, tukaenda nayo mpaka kilele cha Mlima Chiliad, tukakaa juu kule tukitazama jua likitua, Athumani anapiga kelele kuwa tunamaliza muda wa wateja. Ile ilikuwa kubwa na tuliipenda kwa ukubwa wake. Lakini fikiri vizuri tulichokipenda. Tuliijua. Kila njia tuliijua, kila kona tuliijua, tulijua pa kuchepuka polisi wasituone. Ilikuwa kubwa kiasi ambacho watoto wawili wangeweza kuimaliza kuijua kwa likizo moja. Hizi za sasa nani anazijua? Wavulana wangu wanafungua ramani, wanaona alama mia za rangi rangi, wanaufuata mstari, wanafika, wanafungua tena ramani.

Na kuna jambo ambalo hao waliokuita hawalijui, kwa sababu hawajakaa kwenye benchi langu. Mtoto wa huku hanunui gemu, ananunua nusu saa. Shilingi 500, nusu saa. Ninayo moja ya farasi na bunduki, nzuri mno kwa macho, inaanzia kwenye theluji. Watoto ambao hawajaona theluji maishani walishangilia siku ya kwanza. Mmoja akalipa 500, akalipa tena, akalipa tena na tena, ikafika 2,000, na bado yuko kwenye theluji anamfuata mtu juu ya farasi huku wanazungumza Kiingereza. Kesho yake akarudi aendelee, akakuta mwenzie kasevu juu ya pale alipoishia. Walipigana, Zuhura, mpaka shati likachanika. Mtoto yule hajawahi kutoka kwenye ile theluji. Gemu ya saa mia si yake hata kama iko mbele yake na pedi iko mkononi mwake.

Inayonilisha mie na Mama ni ya mpira. Kila mwaka inatoka mpya, nzito kuliko ya jana, nyasi zinaonekana moja moja, lakini wanachokilipia ni kilekile: timu mbili, mpira mmoja, dakika kumi, aliyefungwa aachie pedi. Uwanja wa mpira haujaongezwa hata hatua moja na hakuna aliyelalamika. Wakimaliza kucheza wanatoka nje wanabishana mpaka magharibi.

Weye ndiye uliyenifundisha haya mambo ya ndani, kwa hiyo nakurudishia ya kwako. Ulinieleza kuwa uzito mwingi wa gemu ni picha zilizotengenezwa kwa televisheni kubwa za kisasa, na sauti za lugha nyingi, na kwamba mafaili mengine yanarudiwa mara kadhaa ndani ya gemu moja ili diski za zamani zinazozunguka ziyapate haraka. Sasa televisheni yangu ni ya inchi 32, picha zote zile za nini? Na ukanitumia habari ya Helldivers 2, ile ya kwenye kompyuta: ilikuwa kama GB 154, Desemba 2025 wakaondoa hayo yaliyorudiwarudiwa, ikabaki kama GB 23, na gemu ni ileile, hakuna kilichopungua. Nilipoisoma niliketi chini. GB zaidi ya 130 zilizokuwa hazimfanyii mchezaji chochote kipya, na kuna mtu mahali, Tanga au Tabora, aliyeziungia bando.

Na Super Mario Bros., si weye uliyenionyesha? Ya mwaka 1985, kilobaiti 40. Picha moja ya harusi ya Shekue aliyonirushia Bi Tatu ni kubwa kuliko gemu ile nzima. Uliniambia nitazame vizuri mawingu na vichaka, nikatazama, nikaona ni umbo moja, limepakwa nyeupe juu na kijani chini. Walikuwa hawana nafasi, wakatumia akili. Siku ile macho yako yaling'aa, Zuhura, ulikuwa kama mtu aliyeonyeshwa mahali hazina ilipofukiwa. Nataka kujua mtu yule kaenda wapi mpaka barua yake inasema "lazima tushindane".

Shindana na nani? GTA ya tano ilitoka 2013. Ya sita wameitangaza kwa video Desemba 2023, watu wakaambiwa 2025, ikasogezwa 2026, kisha ikasogezwa tena, kutoka Mei hadi Novemba mwaka huohuo wa 2026. Hao ni watu maelfu, wana pesa ambazo mie na weye hatuwezi hata kuzitamka. Weye uko na Hamisi anayechora, na kompyuta moja ambayo betri yake imekufa, umeme ukikatika na kazi imekatika. Lamu mpaka Kilwa utaimaliza lini? Tutakuwa na wajukuu. Na hata hao wakubwa wenyewe wameanza kuchoka: Shawn Layden, aliyekuwa mkuu wa studio za PlayStation, alisema waziwazi mwaka 2020 kwamba gharama zinapanda kila kizazi cha mashine na kwamba angefurahi kuona gemu za saa 12 hadi 15 zikirudi. Mtu aliyekaa kwenye kiti kile.

Halafu yule Eric Barone ambaye ulikuwa umebandika picha yake juu ya meza yako. Alitengeneza gemu peke yake, zaidi ya miaka minne, muziki yeye, michoro yeye, shamba moja na kijiji kimoja. Gemu hiyo, Stardew Valley, ilitoka 2016, na kufikia mwisho wa 2024 zilikwisha kuuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Sisemi weye utauza hivyo, wala sisemi udogo peke yake unauza, kwa sababu kuna ndogo nyingi zilizokufa bila kuzikwa. Nasema hakuna aliyemwambia aongeze mji wa pili ndipo awe mtu.

Na kubwa si jambo jipya. Hilo la Bethesda, ile kampuni ya gemu, uliniambia weye siku ile tunakula urojo pale Mkwakwani. Daggerfall yao ya 1996 ilikuwa na miji, vijiji na mapango zaidi ya 15,000, kompyuta ndiyo iliyoyapanga mengi, yakafanana. Iliyofuata kwenye mfululizo wao huo mkuu, Morrowind ya 2002, wakairudisha kwenye kisiwa kimoja, wakakitengeneza kwa mkono. Na hicho kisiwa ndicho ambacho watu bado wanakisimulia. Ulisimulia mpaka urojo ukapoa.

Nimeandika kurasa nyingi kuhusu gemu za watu wengine na sijakwambia la muhimu. Jumamosi iliyopita nilikwenda Deep Sea kununua samaki, nikamchukua Jumaa anibebee kapu. Baba yake ni fundi wa kuchomelea, hajawahi kupanda hata mtumbwi. Tumesimama pale nangoja nipimiwe changu, Jumaa ananivuta gauni. "Da Mwana, maji yanakupwa kwa kasi. Jana usiku mwezi ulikuwa mpevu, leo bamvua. Ile ngalawa pale wasipoitoa sasa itapwelewa." Nikamtazama. Alikuwa anaonyesha mashina ya mikoko, pale maji yalipokuwa yameacha alama mbichi, kiasi cha shibiri moja juu ya yalipo. Nikamuuliza nani kakufundisha. Akasema, "Kwenye gemu ya Da Zuhura. Mie nimepwelewa mara kumi na moja pale karibu na Toten, sasa sipwelewi tena."

Na samaki sijamaliza kufungiwa, ile ngalawa ikakaa kwenye matope kama kuku aliyelalia mayai. Wenyewe walikuwa kwenye mgahawa. Mvuvi mmoja mzee akamwuliza Jumaa yeye mtoto wa nani.

Shoga, hiyo ni gemu ya MB 38. Nilimpa kwenye simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Safari moja, kutoka bandarini kuzunguka Kisiwa cha Toten na kurudi, haizidi dakika tano, kwa hiyo benchi zima linapata zamu ndani ya nusu saa, na aliyemaliza hanyamazi, anamwelekeza mwenzie, "Tweka sasa, tweka, usingoje!" Umeweka vitu vitatu tu, upepo, maji na tanga, na bado sijaona safari mbili zilizofanana. Mjomba Shaibu anasema ni kama bao, mashimo 32, kete 64, na yeye ana miaka sabini na bado jana alikwama kwenye namua, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete, mbele ya Mzee Kombo. Sasa wanataka uweke pikipiki.

Ukiniuliza nini kiongezwe, nitakwambia, maana sisemi uiache ilivyo. Kwanza rekebisha upepo. Mjomba anasema wakati wa kaskazi huwezi kutoka bandarini ukaenda moja kwa moja kisiwani kama gari, lazima upige bisho, yaani uende kwa kukata upande huu na huu dhidi ya upepo, na gemu yako inamwacha mtu aende tu. Aliudhika kweli, alisimama. Pili weka usiku. Fanusi moja mbele, mwezi, na sauti ya maji kwenye ubao ili mtu ajue mwamba uko karibu kabla hajauona. Tatu weka kusi, ile ya mwezi wa saba inayomfanya mtu mzima arudi nyumbani bila aibu. Na dema, mtu atege leo aende kutazama kesho. Vyote hivyo vinaingia kwenye ghuba ileile, ramani haiongezeki hata kidole kimoja. Waambie hao wenye pesa wakulipie miezi ya kufanya hayo, wamlipie na Hamisi, wakununulie kompyuta yenye betri. Wakikataa, uje Tanga. Chumba cha Athumani kiko wazi, umeme ukikatika tunakaa barazani, hakuna atakayekudai kodi.

Najua una deni, na najua baba anauliza kila wiki hiyo kazi ya kompyuta inaleta nini nyumbani. Silifanyi jepesi. Ingekuwa wanakupa pesa bila kukugusia ngalawa ningesema chukua hata leo usiku. Ninachokihofia ni kwamba utasaini, utaanza na Lamu, utachora nyumba moja moja, mwaka utapita, wa pili utapita, wao watachoka au pesa zitakwisha, na hii ya Toten ambayo imekamilika utakuwa umeibomoa ili upate mbao za ile nyingine. Nimeamka usiku kwa sababu ya hilo, mara mbili wiki hii.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa alama ya dole gumba kwenye simu. Wamekupa mpaka lini? Umeshasaini chochote, hata karatasi ya kujaribu? Hamisi anasemaje, au hujamwambia? Ile nakala ya kwanza umeihifadhi mahali pengine mbali na hiyo kompyuta? Na kama wangekuuliza weye mwenyewe, bila mie, bila wao, bila baba, ungetaka kuifanyia nini kesho asubuhi?

Ukipita Kariakoo niletee pedi mbili za PS2, zisiwe zile nyepesi zinazokufa kwa wiki. Nimeirudisha PS2 ya Athumani kwenye meza ya kona, na jioni ndiyo inayogombewa. Nitakurushia pesa ukinitajia bei.

Jumaa amekuja tena leo baada ya madrasa. Anauliza, ukiweka usiku, nyota zitakuwa za kweli au za kuchora tu, kwa sababu Mjomba Shaibu keshaanza kumfundisha Kilimia, lile kundi la nyota, na hataki kujifunza mara mbili. Nimemwambia nitakuuliza.

Mie wako,
Mwanaidi